Nimeshinda mdahalo, lakini nilichokisema sikiamini

Shikamoo Anti,

Mimi ni msichana wa kidato cha nne katika shule moja ya kata wilayani Newala. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana nikiandika kwa Kiingereza nitasema ninayoyaweza, si ninayoyataka.

Mwezi uliopita shuleni kwetu kulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa ile ile ambayo nadhani hata wewe uliijadili enzi zako: elimu ni bora kuliko pesa. Mimi nilipangwa upande wa elimu, nikawa msemaji mkuu. Upande wa pili akasimama kijana wa darasa letu, Kiingereza chake cha kuungaunga lakini kila mtu alimwelewa. Akauliza: msimu wa 2024 korosho ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, nani aliyejenga nyumba ya bati la rangi hapa kijijini, walimu wetu au fulani? Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu huyo fulani ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeishia darasa la saba. Watu walicheka mpaka mwalimu wa zamu akagonga meza.

Nilimjibu. Nilisema yale ya ufunguo wa maisha, nikasema pesa huibiwa na elimu haiibiwi, na majaji wakatupa ushindi. Zawadi ilikuwa daftari kubwa na kalamu mbili. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa na raha hata kidogo. Najua tulishinda kwa sababu Kiingereza changu kina makosa machache kuliko cha mwenzangu. Jibu la swali lake sikuwa nalo, na mpaka leo sinalo.

Ningelitoa wapi Anti? Kwetu yupo kaka yangu mkubwa, ana shahada ya ualimu, Historia na Jiografia, amehitimu mwaka 2019. Kila ajira za walimu zinapotangazwa anaomba. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni, na ukifika wakati wa kupulizia salfa anapulizia mikorosho ya watu kwa ujira. Bodi ya Mikopo inamdai. Vyeti vyake mama amevifunga kwenye nailoni akavitia ndani ya begi la nguo, kwa ajili ya mchwa. Kaka ananiambia, "Mdogo wangu, usipite nilikopita. Ukimaliza form four nenda VETA, chuo cha ufundi, jifunze umeme au kushona, ule."

Baba hataki hata kulisikia neno VETA. Anasema huko wanakwenda walioshindwa. Tulipofika kidato cha tatu nilitaka kuacha Fizikia na Kemia, akaja mwenyewe shuleni kuwaambia walimu nibaki sayansi. Anataka nijaze PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha tano, ili kwenye ukoo wetu atoke daktari. Anti, Fizikia tulikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu. Alikuja kijana wa kujitolea, tukamzoea, akapata kazi kwingine akaondoka. Kemia tunachorewa ubaoni vyombo vya maabara. Matokeo yangu ya moko, ule mtihani wa majaribio, haya hapa, usicheke: Kiswahili 71, Historia 68, Jiografia 52, Uraia 49, Kiingereza 41, Biolojia 38, Kemia 24, Hisabati 22, Fizikia 18.

Halafu kuna hili la lugha. Mwalimu anasoma notisi kwa Kiingereza, akituangalia usoni anaona hakuna kitu, anageuza kwa Kiswahili. Tunaelewa, tunauliza maswali, kipindi kinanoga. Mtihani ukija umekuja kwa Kiingereza, na yale tuliyoyaelewa hatuna maneno ya kuyaandikia. Ukikutwa unazungumza Kiswahili nje ya darasa unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwingine. Nilimuuliza mwalimu wa Uraia kwa nini tunasoma hivi wakati bungeni, mahakamani na sokoni ni Kiswahili. Akasema hiyo ni siasa, haitoki kwenye mtihani.

Mdogo wangu alikuwa la tatu mwaka 2024. Yeye na wenzake wameambiwa watamaliza shule ya msingi darasa la sita, hakuna la saba. Waliotufuata wana mtaala mpya, wengine wanasoma mambo ya amali, yaani ufundi na kazi za mikono. Sisi tunamalizia mtaala wa zamani, yaani kitu ambacho serikali yenyewe imeshasema kinahitaji kubadilishwa. Nikiwaza hivyo kitabu kinakuwa kizito.

Maswali yangu ni haya. Je, ni vibaya kuitilia shaka elimu nikiwa bado shuleni? Nimsikilize baba au kaka? Na kama ninayoyapenda ni Historia na Kiswahili, si ndiko kule kule alikopita kaka?

Mshindi Asiyeamini, Newala


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa kwenye khanga moja. Lipo la nchi na lipo la kwako. La nchi ni zito na una haki ya kulisema, ila halitamalizika kabla ya Novemba. La kwako linaweza kupiga hatua kubwa kabla ya mtihani, kwa hiyo nitaanza nalo. Chukua kalamu moja kati ya zile mbili za zawadi.

Umeniandikia alama lakini sioni popote ulipozijumlisha. Wanafunzi wengi wako hivyo, wanaona F tatu wanakata tamaa, au wanaona B mbili wanaringa, na hawajui Baraza la Mitihani, Necta, linavyohesabu. Linahesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kiswahili na Historia umepata B, hizo ni 4. Jiografia na Uraia ni C, tunaongeza 6, tunafika 10. Kiingereza na Biolojia ni D, tunaongeza 8, ni 18. Somo la saba ni mojawapo ya zile F, pointi 5. Jumla 23. Divisheni ya tatu inaanzia 22 mpaka 25, kwa hiyo hata kwa moko hii hii, pamoja na vilio vyote vya barua yako, uko ndani. Una krediti nne, yaani masomo manne ya C kwenda juu, na kwa kidato cha tano cha serikali huangaliwa krediti tatu na pointi zisizozidi 25.

Sasa tazama kitu kingine. Kiingereza una 41, na C inaanzia 45. Umepungukiwa alama nne. Hisabati una 22, na D inaanzia 30. Umepungukiwa nane. Ukizipata hizo kumi na mbili tu, na mengine yakabaki yalivyo, jumla inashuka mpaka 21, na 21 ni divisheni ya pili. Alama kumi na mbili mwanangu, katika masomo mawili, kwa miezi uliyobakiwa nayo.

Upande wa baba je? Ili Fizikia ifike C unatakiwa uongeze alama 27. Kemia 21. Biolojia 7. Jumla 55, na katika hizo tatu, mbili umezisoma bila mwalimu wa kudumu wala maabara. Sisemi haiwezekani, wapo waliotoka mbali zaidi. Nasema usiku una saa zile zile. Kila saa unayoipeleka kwenye Fizikia ili utoke 18 ufike 26 ni saa iliyopotea kabisa, kwa sababu 26 nayo ni F, na katika zile F zako tatu inayohesabiwa ni moja tu. Zilizobaki hazikuongezei wala hazikupunguzii kitu. Majina yalishakwenda Necta kwa hiyo kuziacha huwezi. Ingia chumba cha mtihani, andika unachokijua, toka. Ila usizikeshee.

Hisabati ndiyo uikeshee, tena kwa ujanja. Alama 30 hazihitaji ujue kitabu kizima. Shika takwimu, seti, hesabu za biashara na matriki, maana hizo zina njia moja unayoirudiarudia mpaka mkono uizoee. Achana na mada zinazokutoa jasho. Na usidhani D ya Hisabati ni jambo dogo: popote utakapokipeleka cheti hicho, iwe chuo cha afya, cha uhasibu au cha ufundi, macho ya mpokeaji huanza kwenye Hisabati na Kiingereza.

Baba yako simlaumu. Mtu aliyelima korosho maisha yake yote akaona mgonjwa akibebwa usiku kutafuta daktari, ana sababu ya kumtaka daktari ndani ya nyumba yake. Lakini usiende kwake na machozi wala na neno "sipendi". Wazazi wetu wengi hawaelewi kwa nini kupenda kuwe hoja. Mpelekee hesabu hii niliyoifanya, kwenye karatasi, 55 upande mmoja na 12 upande wa pili. Mwambie ukijaza PCB na matokeo yakawa kama ya moko, hutapangiwa, maana huwezi kuchukuliwa na F kwenye somo la tahasusi yenyewe, yaani ule mchanganyiko wa masomo unaouomba. Akikuambia basi uende hata uuguzi, mweleze kwamba vyuo vya afya navyo vinataka angalau D ya Kemia, Biolojia na Fizikia, kwa hiyo njia ya mkato anayoiwaza inapita mlango ule ule.

Na usiende peke yako. Kule kwenu Newala mjomba ana neno lake, na bahati nzuri wewe unaye mjomba ambaye kijiji kizima kinamtaja mpaka kwenye midahalo. Huyo ndiye wa kumpelekea karatasi kwanza. Mtu aliyejenga kwa korosho anajua kupiga hesabu, tena nina hakika ataielewa haraka kuliko walimu wako wengine. Yeye ndiye azungumze na baba, jioni, bila wewe kuwepo.

Nije kwa kaka yako, na hapa sitakudanganya. Swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ni kweli: ukienda HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili, kisha ukaenda chuo kikuu kusomea ualimu kwa sababu tu ndiko wenzako wote wanakokwenda, utakuwa umekanyaga nyayo zake moja baada ya nyingine. Miaka hii nafasi za walimu zinapotangazwa zimekuwa zikielemea sayansi na hisabati. Walimu wa sanaa ni wengi na nafasi zao ni chache. Kaka yako hakufeli kitu. Alifanya kila alichoambiwa afanye, na aliyemwahidi hakuwepo alipofika. Uchungu wake ni halali, na mtu asimwambie eti hana juhudi.

Lakini HGK na ualimu ni vitu viwili. Kidato cha tano na cha sita hakikufungi kamba ya kazi moja. Mwenye Historia na Kiswahili vizuri anaweza kwenda maendeleo ya jamii, utawala, utunzaji wa kumbukumbu, uandishi wa habari, ukalimani, na vyuo kadhaa vya sheria humpokea. Tena tangu mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpaka zikafika 65, zipo za lugha, za biashara, za sanaa, za michezo, hata za dini. Si kila shule ina zote, na nyingine zimebaki karatasini tu, ila usijaze fomu ukiwa unazijua zile nne tu walizokutajia walimu. Ziangalie zote. Kiswahili chako cha 71 nacho kitazame vizuri. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022, na wanaotafsiri na kukalimani kwa kiwango kizuri hawajawa wengi. Sikuambii ni dhahabu. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na hotuba, na kesho yake mkalimani anarudi kusubiri simu. Nasema tu kwamba mtu anayejua Kiswahili sanifu na Kiingereza safi kwa pamoja ana bidhaa mkononi, na aliye na kimoja tu hana. Ndiyo maana zile alama nne za Kiingereza nazisisitiza.

Kuhusu deni la Bodi, lisikutishe kuliko lilivyo. Mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mtu akiajiriwa, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Mwambie kaka aangalie upya salio lake, wengi wanaogopa tarakimu ya zamani.

VETA nayo nisiipite kimya. Baba amekosea kusema ni ya walioshindwa, na kaka amekosea kuifanya dawa ya kila kitu. Fundi umeme mzuri anakula, hilo sina ubishi nalo. Ila wewe katika barua yako yote hukusema hata mara moja kwamba umewahi kushika waya au cherehani ukafurahi. Umeme unautaja kwa sababu kaka ameutaja. Kwenda VETA kwa hasira ya kaka au PCB kwa ndoto ya baba, kwangu naona ni jambo moja, bado anayechagua si wewe. Likizo ikija, kabla hujaamua, kaa kwa fundi yeyote wa karibu umsaidie hata kama hakulipi. Utajua haraka sana. Na ukumbuke, VETA utaikuta hata baada ya kidato cha sita, milango yake haijali sana umemaliza lini. Kidato cha tano cha serikali, ambacho ada yake iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, ukikipita sasa kukirudia ni kwa gharama yako mwenyewe na kwa tabu.

Sasa hilo la lugha. Mwalimu wako amekuambia ni siasa na haitoki kwenye mtihani. La pili ni kweli, la kwanza ni nusu. Swali lako limeulizwa na watu wazima wenye vyeo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikaandika Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na hapo hapo chini yake ikasema Kiingereza kitaendelea kuimarishwa katika kufundishia. Toleo lake la 2023 likabakisha Kiingereza kuanzia sekondari. Yaani tangu kabla wazazi wako hawajaoana nchi hii inakwenda mbele inarudi nyuma, na anayelipia ni mtoto wa shule ya kata, kwa sababu mtoto wa mwenye uwezo amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Mimi msimamo wangu uko wazi: mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza kifundishwe kama somo, tena kifundishwe hasa, na mwalimu anayekijua. Kibao cha shingoni hakijawahi kumfundisha mtu sarufi. Kinamfundisha kunyamaza, na anayenyamaza Kiingereza hakimwingii pia.

Msimamo wangu lakini hautakusahihishia karatasi. Fanya hivi. Mada isome kwa Kiswahili kwanza mpaka uweze kumweleza mama yako jikoni akaelewa. Hiyo ndiyo elimu, imeshaingia. Ndipo uchukue lile daftari kubwa la zawadi, ugawe ukurasa mara mbili, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili sentensi fupi fupi za Kiingereza za kujibu swali hilo hilo. Fupi. Watu mnafelishwa na sentensi ndefu mnazozianza bila kujua zitaishia wapi. Fanya pasti pepa, na zaidi ya hizo soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Necta huziweka bure kwenye tovuti yake. Humo wasahihishaji wanaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea nini, na wanaweka majibu halisi, zuri na baya. Nashangaa shule nyingi hazizisomi kabisa.

Na nani atakusahihishia insha hizo za Kiingereza? Umeniambia huna walimu, kisha mistari michache mbele ukaniambia nyumbani kwenu analala mhitimu wa shahada ya Historia na Jiografia. Mwanangu! Wenzako mjini wanalipia tuisheni wampate mtu wa namna hiyo. Mwombe jioni mbili kwa wiki, baada ya kupeleka hesabu ya bodaboda, akupe swali moja la insha na asahihishe jibu lako kwa kalamu nyekundu. Jiografia yako ya 52 inataka mtu kama yeye. Usimwambie unamsaidia asahau shida zake, utamuudhi. Mwambie una mtihani Novemba na huna mwalimu. Na wakija wenzako wawili watatu kukaa nao barazani, wazazi wao wasione aibu kumchangia mafuta ya pikipiki.

Umeuliza kama ni vibaya kuitilia shaka elimu. Si vibaya. Mwaka 1967, ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi ya kwenda ngazi nyingine tu, kwa sababu alikwishaona wengi hawatafika huko. Shaka yako wewe aliitia yeye mapema, tena akiwa Ikulu. Hili la mitaala nalo usilifanye mzigo wako. Mtaala mpya bado mchanga, una upungufu wa karakana na walimu wa amali, na kundi la mdogo wako litamaliza la sita mwaka ule ule wa 2027 ambapo la saba wa mwisho wanamaliza, kisha wote waingie kidato cha kwanza kwa pamoja. Nao wana yao.

Na yule kijana wa mdahalo nimjibu kwa niaba yako. Mada yenyewe ni mbovu, nashangaa bado inatolewa. Hakuna mkulima aliyewahi kukalishwa mahali akaambiwa chagua kimoja. Lakini kama ni lazima, muulize msimu wa 2018 ulikuwaje. Wanunuzi walitoa bei ya chini, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi libebe, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao mpaka uhakiki uishe, huku watoto wakidaiwa michango. Bei ya korosho inapangwa na watu wasioijua Newala. Kisha mwulize mjomba wako, kwa upole, stakabadhi za ghala na karatasi ya makato ya chama cha msingi anasomewa na nani, na kama aliwahi kugundua kosa ndani yake. Sijui atakujibu nini. Inawezekana anazisoma mwenyewe vizuri sana, na hilo litakuwa jibu zuri vile vile, maana darasa la saba la enzi zake lilikuwa na hesabu.

Jambo la mwisho ni la fomu. Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, mnajaza mkiwa bado shuleni, lakini matokeo yakishatoka hufunguliwa muda wa kubadilisha tahasusi na kozi kupitia mtandao. Kwa hiyo hata mjomba akishindwa na baba akashikilia PCB yake leo, msigombane mpaka nyumba iwake moto kabla ya mtihani. Ila namba ya mtihani na vitu vyote vya kuingilia kwenye mfumo uviandike mahali pawili, kimoja kwako na kimoja kwa kaka, kwa sababu yeye ndiye mwenye simu ya kufungua tovuti. Muda huo huwa na mwisho wake, na watoto wengi wa vijijini husikia habari zake ukiwa umeshafungwa. Mwambie kaka awe anachungulia tangu siku matokeo yanapotangazwa, na bando la siku hizo muombeni mjomba.